Maneno Mgongoni

Mama Pasi alikuwa anamalizia kola ya shati la mteja wake mkorofi kuliko wote, mwalimu mmoja aliyekagua mashati yake kama anayesahihisha mitihani, mkwe wake, mke wa mwanawe, aliposimama kwenye mlango wa kati na kugonga fremu kwa kiganja. Mama Pasi akageuka. Mkwe alikuwa amejishika kiuno, na sakafu miguuni pake ilikuwa imelowa.

"Umemwaga ndoo?" Mama Pasi akauliza, ingawa alijua fika kwamba anayeulizwa hasikii. Ndivyo alivyozoea. Alizungumza na mkwe wake kama watu wanavyozungumza na redio, bila kungoja jibu.

Kisha akaona kwamba hapakuwa na ndoo yoyote.

Akaisimamisha pasi, akachomoa waya ukutani, na shati la mwalimu likabaki mezani na mkono mmoja wenye makunyanzi, jambo ambalo halijapata kutokea katika nyumba ile.

Mtaa ulimwita Mama Pasi kwa sababu chumba chake cha mbele kilikuwa cha udobi: meza ya kunyooshea, makapu ya nguo, kamba zilizotoka ukuta hadi ukuta, na harufu ya wanga na mvuke iliyokuwa imeingia mpaka kwenye matofali. Kwenye dirisha la chumba hichohicho kulikuwa na cherehani ya mkwe wake, na kwa ajili ya cherehani hiyo mtaa ulimwita mkwe Fundi. Fundi alizaliwa kiziwi. Aliolewa na mwana wa pekee wa Mama Pasi, fundi wa majokofu, kijana aliyejifunza lugha ya ishara kwa kasi ya mtu aliyependa. Tangu harusi, kijana huyo ndiye aliyekuwa njia ya maneno kati ya wanawake wawili. Mama akitaka kusema neno, alimwambia mwanawe, na mwana akalisema kwa mikono. Fundi akijibu, mwana alilirudisha kwa mdomo. Chakula chake kilipoa kila siku, kwa kuwa mikono yake haikupata nafasi ya kushika kijiko.

Mwana asipokuwepo, wanawake hao walifanya kazi, na kwa kazi walielewana vizuri sana. Mama Pasi alijua ishara za udobi: mvua inakuja, mteja yuko mlangoni, maji yamekwisha. Zaidi ya hapo aliitikia tu kwa kichwa. Fundi akianza jambo refu, vidole vikipishana kama sindano za kufumia, Mama Pasi alitabasamu na kukubali kwa kichwa, ndiyo, ndiyo, kisha akarudi kwenye pasi yake. Si kwamba hakumpenda. Aliona haya. Mwanzoni aliwahi kujikaza na kusema sentensi nzima kwa mikono, mezani, na wale wawili wakacheka mpaka wakashika mbavu. Yeye pia alicheka. Lakini tangu siku ile aliirudisha mikono yake kwenye nguo, mahali ilipojua la kufanya.

Na leo, siku ambayo njia ya maneno ilihitajika kuliko siku zote, mwana alikuwa mji wa pili, amejikunja nyuma ya jokofu la bucha lililokufa usiku. Mtoto alitarajiwa wiki ijayo. Mtoto mwenyewe hakuulizwa.

Kujifungulia nyumbani lilikuwa shauri la Fundi. Rafiki yake wa tangu shule, kiziwi mwenzake ambaye watu walimwita Kicheko, alikuwa amejifungulia hospitali ambako kila mtu alivaa barakoa, kwa hiyo hakuona mdomo hata mmoja wa kuusoma. Mkono wake mmoja ulifungwa kwa ajili ya dripu. Wa pili ulishikwa na muuguzi mwenye huruma, aliyeubana kifuani pake kwa upendo wote mpaka mtoto akatoka. Kicheko alizaa bila kusema neno. Fundi aliposimuliwa hayo akakata shauri. Wakamwendea Nesi, mkunga mstaafu wa mtaa wa nyuma, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Nesi alikubali kwa masharti: vipimo vyote vya kliniki viwe safi, na gari lisimame mlangoni tangu uchungu uanze mpaka kondo la nyuma litoke.

Fundi naye alitoa sharti lake. Aliwakalisha wote chumbani, mumewe akitafsiri. "Anasema, mikono yake isishikwe. Hata akilia. Hata akiirusha hewani kama mwendawazimu. Anasema mkiishika, atakuwa hayupo."

Nesi alisema sawa. Mama Pasi akatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo.

*

Nesi alifika na begi lake, akanawa mikono mpaka viwikoni, akavaa glavu, akapima. Mama Pasi alikuwa ameshatandika godoro sakafuni kwa plastiki, na juu ya plastiki mashuka aliyoyachemsha na kuyanyoosha yeye mwenyewe mpaka kingo zikawa kali kama za karatasi. Kicheko alikuwa ameitwa kwa ujumbe wa simu na alikuja mbio na kandambili za rangi mbili tofauti.

"Njia imefunguka zaidi ya nusu," Nesi akasema. Akaweka kipembe chake cha chuma tumboni, akaweka sikio, akafumba macho. "Moyo wa mtoto unapiga vizuri. Ila amelala uso juu, huyu. Uti wake wa mgongo umekandamiza mgongo wa mama yake. Ndiyo maana anajishika kiuno."

"Ni hatari?" Mama Pasi akauliza.

"Ni uchovu. Wengi hujigeuza wenyewe. Asipojigeuza tunapanda gari, na hapo sitabishana na mtu."

Gari lilikuwa pikapu ya jirani muuza magodoro, ambaye wakati huohuo alichungulia mlangoni akiwa amefumba macho kwa heshima. "Mama Pasi, mimi niko hapa nje. Nimeweka godoro nyuma, jipya, nailoni haijatolewa. Likichafuka ni lenu."

"Funga mlango," Nesi akamwambia.

"Nasema tu."

"Sema ukiwa nje."

Simu ikaegemezwa kwenye cherehani, na uso wa mwana ukatokea, umejaa vumbi na wasiwasi, nyuma yake mbao zikirukaruka. Alikuwa amepata lifti kwenye lori la mbao. Fundi alipomwona alianza kusema kwa mikono, harakaharaka, akikatizwa na uchungu, akiendelea.

"Mama, anasema anataka maji, na dirisha lifungwe, jua linampiga. Anasema anamwamini Nesi. Anasema wewe mama—"

Picha ikaganda. Mwana alibaki amefumba jicho moja, mdomo wazi, kama mtu anayetaka kupiga chafya.

"Anasema mimi nini?" Mama Pasi akaiuliza simu. "Kijana. Mimi nini?"

"Hiyo imeshakufa, dada yangu," Nesi akasema. "Tuko wenyewe."

Kicheko aliitazama ile sura iliyoganda, akaangua kicheko kilichompatia jina: kirefu, kipana, kisichojua kinafika wapi kwa sababu mwenyewe hajawahi kukisikia. Hata Fundi, jasho likimtiririka kwenye nyusi, akacheka. Kisha uchungu ukaja na kukifuta kicheko usoni pake kama kitambaa kinavyofuta ubao.

Mama Pasi alifunga dirisha na mapazia, akaleta maji, akarudi, akasimama. Alikuwa amezaa yeye mwenyewe, na alikuwepo dada zake walipozaa, na katika vyumba vyote hivyo palikuwa na maneno. Mwanamke aliita mama yake, alitukana, aliapa kwamba hatarudia, na wengine walijibu, walitania, walimwambia bado kidogo. Maneno yalikuwa kamba ambayo chumba kizima kilishika pamoja. Hapa maneno yalikuwa mikononi mwa Fundi, na kila alipoyasema, Mama Pasi aliyaona yakipita mbele ya macho yake kama watu wanaopita upande wa pili wa barabara. Kicheko ndiye aliyeyapokea, kisha akayaigiza: akajipiga mgongoni kuonyesha maumivu, akajipepea, akanywa kikombe kisichokuwepo. Kwa kuigiza huko mambo yakaenda. Mstari wa jua uliopenya kwenye pazia ukahama kutoka kwenye cherehani mpaka kwenye makapu ya nguo. Uchungu ukawa unakuja kwa karibu zaidi, na kila ulipokuja Fundi alitoa sauti nzito kutoka mahali ambapo pengine hakuna mtu aliyewahi kumfundisha kwamba sauti huishi.

Nesi akapiga magoti miguuni pa Fundi aliyekuwa amelala kwa ubavu. "Njia imefunguka yote. Mtoto bado hajageuka. Nahitaji maji ya moto, na taulo." Akaigiza kwa Kicheko, na Kicheko akatoka mbio kwenda jikoni, uani.

Ndipo ukaja uchungu ambao haukufanana na ule wa mwanzo. Fundi alitoa macho pima. Akajaribu kuinuka, akashindwa, akaanza kusema. Mikono yake ilikwenda kwa nguvu, ikakata hewa, ikapiga godoro, ikarudi, ikasema kitu kilekile tena na tena. Mama Pasi aliona mkwe wake akipigana na hewa. Aliona maumivu. Alimwona mtoto wa mtu, mbali na mama aliyemzaa, akirusha mikono kama anayezama.

Na kabla hajajua anafanya nini, alipiga magoti, akaidaka mikono yote miwili, akaishika.

Ilikuwa mikono iliyokamua mablanketi ya mtaa mzima kwa miaka, ile ya Mama Pasi, na ikishika imeshika. Fundi akavuta. Mama Pasi akakaza. "Shikilia, mwanangu," akasema. "Nishike kwa nguvu zako zote. Mimi niko hapa. Siendi popote." Fundi akavuta tena, akitikisa kichwa, machozi yakimtoka, na Mama Pasi, kwa huruma iliyokuwa inampasua moyo, akaibana ile mikono kifuani pake.

Mlango ukafunguliwa. Kicheko aliona. Aliweka beseni chini, maji yakamrukia, na hatua mbili akawa amefika. Hakumvuta Mama Pasi. Alisimama nyuma yake, akampitishia mkono begani, na akamziba mdomo kwa kiganja.

Mama Pasi alitaka kusema, wewe vipi, niache. Maneno yakaishia kwenye nyama ya kile kiganja. Akajaribu tena. Kiganja kikakaza. Kilikuwa cha joto, kinanuka sabuni, na hakikuwa na chuki yoyote. Kilikuwa kimeziba tu. Kwa muda wa pumzi chache, mwanamke aliyekuwa amesema na kusema tangu mchana hakuweza kutoa hata neno moja nje ya mwili wake. Akatazama chini. Akaona mikono ya Fundi ndani ya mikono yake mwenyewe.

Akaiachia kama mtu aliyeshika chuma cha pasi.

Kicheko naye akatoa kiganja. Juu ya ngozi ya Fundi palikuwa na alama nyekundu za vidole, na kitu cha kwanza ambacho ile mikono ilifanya baada ya kufunguliwa hakikuwa kumsukuma Mama Pasi. Kilikuwa kusema. Ilisema kilekile ilichokuwa inasema mwanzo.

Kichwa cha Mama Pasi kikaanza kukubali chenyewe. Fundi akamkazia macho, macho makavu sasa, ya mtu asiye na muda wa adabu. Na Mama Pasi, kwa mara ya kwanza, akakizuia kile kichwa. Akakitikisa upande, polepole. Hapana. Sielewi. Sijawahi kuelewa.

Ilikuwa aibu kubwa, na ilikuwa kama kutua mzigo.

Fundi akamtazama Kicheko. Kicheko hakupoteza muda: akajitupa sakafuni kwa magoti na viganja, matako juu, kichwa chini, akageuza shingo kuwatazama kama mbuzi aliyeulizwa swali.

"Anataka kupiga magoti," Mama Pasi akasema.

"Basi apige," Nesi akasema, akiwa ameshaanza kumsaidia. "Mtoto aliyelala hivi, magoti ndiyo njia yake. Mgongo unapata nafasi. Angeniambia mapema ningemgeuza mapema." Akaziona zile alama za vidole. "Alikuwa anatuambia."

"Alikuwa anatuambia," Mama Pasi akakubali, kwa sauti ndogo.

*

Walimwinua. Magoti peke yake hayakumtosha, miguu ilikuwa inatetemeka, kwa hiyo Mama Pasi akapiga magoti mbele yake, uso kwa uso, akampa mabega. Fundi akamwangukia. Uso wake ukazama kwenye shingo ya mama mkwe, tumbo likawa kati yao, na mikono yake ikapita juu ya mabega na kuning'inia nyuma, huru kabisa. Mama Pasi alimkumbatia kiunoni, chini ya mbavu. Alijihadhari asiguse mkono hata mmoja.

Nesi akawa nyuma ya Fundi. Mapazia yalikuwa yamefungwa na miili imeziba mwanga uliobaki, hivyo Kicheko alilala ubavu sakafuni akimmulikia kwa tochi.

Uchungu ukaja. Na Mama Pasi akahisi kitu mgongoni pake.

Mwanzoni alidhani Fundi anajikuna, au anatafuta mahali pa kushika. Kisha akatambua kwamba ile miguso ilikuwa na mpango. Kiganja kizima, kikipanda kutoka kiunoni kwenda mabegani, kipana, kizito: uchungu unapanda. Kikakaa juu pale, vidole vimekaza. Kisha kikashuka, kikawa chepesi, kikawa ncha za vidole tu, kikakoma. Uchungu umepita. Uliofuata ulipokuja, kiganja kikapanda tena. Fundi alikuwa anasema. Macho yake yalikuwa yamefichwa, hakukuwa na mtu wa kumwona, na bado alikuwa anasema, kwa sababu mgongo ulikuwepo na mikono ilikuwepo.

"Unakuja," Mama Pasi akamwambia Nesi. "Mkubwa kuliko wa mwanzo."

Nesi akainua macho. "Umejuaje?"

"Ananiambia."

Akasubiri, akipumua kwa kadiri ya kile kiganja. Magoti yalimuuma, jasho la Fundi lilimlowesha kifua, na alikuwa anasikiliza kwa ngozi yake yote kama hajawahi kusikiliza kitu maishani. Miaka yote hii alidhani ile lugha iko kwenye vidole na inahitaji akili nyepesi ya kijana kuifuata. Sasa ilikuwa inamwandikia mgongoni, na kila neno lilikuwa na uzito, na joto, na mwelekeo. Katikati ya uchungu mmoja alihisi tumbo kati yao likizunguka, polepole, zima, kama mtu anayejigeuza kitandani apate kulala vizuri. Akashusha pumzi. Mgongoni, vidole vyote kumi vikafunguka kwa pamoja.

"Amegeuka," Mama Pasi akasema.

Nesi aliweka mkono. Alikuwa amezalisha nusu ya mtaa ule, na bado alipojibu sauti yake ilikuwa ya mtu aliye mahali patakatifu. "Amegeuka. Sasa anashuka."

Fundi akasukuma. Sauti yake ilipita kwenye mifupa ya shingo ya Mama Pasi kabla haijafika masikioni. Nje, muuza magodoro alizima redio ya gari. Fundi akasukuma tena, na tena, na mgongoni mkono ulisema chini, chini, chini.

"Kichwa hicho," Nesi akasema. "Kina nywele. Haya, polepole." Kisha sauti ikabadilika, ikawa kavu. "Asisukume. Mwambieni asisukume. Kamba ya kitovu iko shingoni, imebana, nataka kuipitisha. Asisukume hata kidogo."

Kicheko, aliyesoma mdomo wa Nesi, aliachia tochi na kuanza kusema kwa mikono. Hakuna aliyemwona. Uso wa Fundi ulikuwa shingoni mwa Mama Pasi, macho yamefumbwa, mwili wote umejikusanya kwa msukumo unaofuata. Mama Pasi akahisi mbavu zikipanuka, pumzi ikijaa. Kiganja kilikuwa kimeanza kupanda.

Hapakuwa na mwana wa kumtuma. Hapakuwa na mtu katika dunia nzima ambaye angeweza kumfikia Fundi kwa wakati ule isipokuwa yeye, na yeye alikuwa na mikono.

Katika ishara chache za kazi, ilikuwepo moja aliyoitumia kila siku. Wateja walipofika mapema, Fundi alimuuliza kwa mbali kama nguo zimekauka, naye alijibu kwa kiganja bapa, akikiyumbisha kulia na kushoto, taratibu: bado. Mama Pasi akatoa mkono wake wa kulia kiunoni. Akauweka katikati ya mgongo wa mkwe wake, kiganja bapa, akaukandamiza, akauyumbisha. Bado.

Fundi akaganda.

Bado, Mama Pasi akasema tena kwa kiganja. Akafungua mdomo, akaanza kuhema kwa pumzi fupifupi, kifua chake kikigonga kifua cha Fundi ili auhisi mwendo huo. Bado. Bado.

Kilichopita katika mwili wa Fundi kwa wakati ule, Mama Pasi hakuwahi kupata namna ya kumsimulia mtu. Ilikuwa kama kumwona mtu akizuia mto kwa mikono. Kila nyama yake ilitaka kwenda, na hakwenda. Alitetemeka kuanzia visigino. Alihema, fupi, fupi, fupi, kwa mwendo ule aliopewa. Na mgongoni pa Mama Pasi, kwa mkono unaotikisika, kiganja bapa kikayumba kulia na kushoto, kikiuliza.

Bado? 

Bado, Mama Pasi akajibu.

"Napitisha," Nesi akasema chini kwa chini. "Napitisha. Njoo, kamba, njoo. Imetoka. Haya, sasa."

Nguo ikiwa tayari, Mama Pasi huikunja na kuipiga juu mara mbili kwa kiganja, pa, pa, ndipo huiweka kwenye kapu la wenyewe. Akampiga Fundi mgongoni mara mbili, pa, pa.

Fundi akaachia mto.

Mtoto aliteleza mzima kwa mara moja, mabega na tumbo na miguu, kwenye mikono ya Nesi, na chumba kikawa na mtu zaidi ambaye hakuna aliyemwona akiingia mlangoni. Alikuwa wa rangi ya kijivujivu. Nesi akamfunika taulo, akamsugua, akamsugua tena. Mama Pasi aliona kwa juu ya bega la Fundi kidole kimoja kidogo kikijikunjua. Kisha kukaja ule mlio, mwembamba, uliokasirika, ukapanda mpaka kwenye kamba za nguo.

Mama Pasi akalia. Kisha akakumbuka kwamba mama wa mtoto bado ana uso wake shingoni kwake na hajui kitu. Hakuwa na ishara ya jambo kubwa kiasi kile. Akamwinua taratibu kwa mabega, akarudi nyuma kidogo ili wapate nafasi kati yao, na Nesi akampitisha mtoto katikati ya magoti ya mama yake, mbele, kwenye mwanga wa tochi.

Fundi akatazama chini. Mdomo wa mtoto ulikuwa wazi wote, ulimi unatetemeka, ngumi zimekunjwa. Akamwinua mpaka kifuani. Mlio ukaingia kwenye mifupa ya kifua chake, na usoni mwake kukapita kitu kilichomfanya Nesi avue miwani. Watu wawili katika chumba kile walisikia kilio kwa masikio na wawili hawakukisikia, na hakuna aliyekikosa.

"Msichana," Nesi akasema, mwishowe.

Kicheko akauchora msichana hewani, kwa mikono mikubwa, mara mbili, akacheka kile kicheko chake, na nje muuza magodoro akapiga honi bila kuulizwa.

*

Mwana alifika jua likiwa limelala kwenye paa za upande wa pili, amejaa unga wa mbao mpaka kwenye kope. Kondo lilikuwa limetoka zima, Nesi alikuwa ameshakagua na kufunga begi na anakunywa chai, na pikapu imeondoka na godoro lake ndani ya nailoni. Mwana alisimama mlangoni. Alimtazama mkewe, akamtazama aliyemlalia kifuani, akaegemea fremu.

Fundi akamtabasamia. Kisha akaondoa macho kwake, akamgeukia Mama Pasi aliyeketi ukingoni mwa godoro, na akaanza kusema. Alitumia mkono mmoja. Wa pili ulikuwa umembeba mtoto.

Mwana alijifuta macho na kusimama wima, kama mtu aliyekumbuka kazi yake. "Mama, anasema—"

"Ngoja kwanza," Mama Pasi akasema.

"Nataka kukwambia anachosema."

"Nimeona. Hasemi na wewe."

Mwana akafumba mdomo. Mikono yake, ambayo siku zote ilikuwa juu, ikashuka yenyewe na kukosa pa kwenda. Kicheko akaona, akamwekea mikononi beseni la maji machafu, akamwonyesha uani kwa kidevu.

Mama Pasi alikuwa ameambulia neno wewe. Alikuwa ameambulia neno mgongo. Yaliyokuwa katikati na yaliyofuata yalimpita. Akajigusa kifua, akafungua viganja vitupu, kisha akaunyooshea kidole mkono wa mkwe wake na kuchora duara hewani. Sikuelewa. Rudia.

Fundi akarudia, polepole zaidi. Mama Pasi akasogea karibu, akivitazama vile vidole kama anayesoma kwa mwanga hafifu, na safari hii akapata neno la tatu. Akachora duara tena. Fundi hakuchoka, ingawa alikuwa amechoka kuliko watu wote waliokuwa chini ya paa lile. Alimsogeza mtoto kidogo, akapata nafasi, akasema tena tangu mwanzo, neno moja moja, akingoja kila moja lifike.

Safari ya nne Mama Pasi akaelewa. Lilikuwa swali: wewe uliyasikiaje maneno yangu mgongoni, na ulijuaje kunijibu? Akakaa vizuri, akafuta viganja kwenye gauni lake, akaanza kujibu.